Usiku wa Mlimba Katika Banda la Kuku

Banda la kuku lililoko uani kwetu lilikwisha kusahau kuku. Mwenye nyumba alilijenga kwa matofali ya saruji na wavu, akafuga kuku wa nyama kwa misimu miwili, kisha bei ya chakula cha kuku ikamshinda naye akaliacha kama lilivyo. Tangu hapo likawa ghala la vitu ambavyo sisi wapangaji hatukuwa na moyo wa kuvitupa: kitanda cha chuma kisicho na miguu, matairi, sufuria iliyotoboka. Urefu wake ni hatua sita na upana wake hatua nne, na mtu mzima akiingia hana budi kuinamisha kichwa. Ndani ya banda hilo, mwaka jana, kwa muda wa miezi mitatu, mimi pamoja na fundi redio wa mtaani kwetu tulijaribu kujenga usiku.

Ndugu msomaji atauliza kwa nini watu wawili wenye akili timamu wajenge kitu ambacho Mungu hukileta bure kila siku saa kumi na mbili na nusu jioni. Sababu ilikuwa ni baba yangu.

Baba ni mstaafu wa reli. Alikuwa kijana wa miaka 22 wakati TAZARA ilipokuwa ikijengwa, na mabega yake yalibeba mataruma ya njia hiyo. Reli ilipokabidhiwa mwaka 1976 alibaki katika gengi la kutunza njia huko Mlimba, kwenye Bonde la Kilombero, akaoa huko, akatuzaa huko, akastaafu huko. Mama alipofariki, sisi watoto tulikutana na kuamua. Sitasema kwamba tulimwuliza, tulimwarifu. Jicho lake la kulia lilikuwa limekwisha kufunikwa na mtoto wa jicho na la kushoto lilikuwa linafuata, hivyo kaka yangu mkubwa akasema kwamba madaktari wako Dar es Salaam, kwa hiyo Baba naye atakaa Dar es Salaam, kwangu, kwa kuwa mimi ndiye mwenye chumba cha ziada. Chumba chenyewe ni sebule.

Hakunung'unika hata mara moja. Jicho la kwanza lilipasuliwa, likapona vizuri, akaanza kusoma gazeti letu tena na kunionyesha makosa ya chapa. Lakini alikuwa halali. Nilikuwa nikiamka usiku kumnywesha mtoto maji, namkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, mikono juu ya magoti, kama abiria anayesubiri treni iliyochelewa.

"Baba, ni joto?"

"Hapana, mama."

"Ni mbu?"

"Mbu nawafahamu."

"Sasa ni nini, Baba?"

Akafikiri kwa muda mrefu. Nje palipita pikipiki, baa ya pembeni ilikuwa ikipiga muziki wake, na jirani alikuwa akivuta geti la chuma. "Usiku wa huku," akasema, "hauna wenyewe."

Maneno hayo yalinikaa. Nilikuwa nimekwisha kusoma, katika kazi yangu ya kila siku ya kupitia habari za nje, juu ya wasanii ambao hawachongi wala hawachori, bali hujenga mahali penye mwanga na sauti na kumwacha mtazamaji aingie, na mahali hapo hubadilika kwa kuwa ameingia. Mwaka 2006 Rafael Lozano-Hemmer, msanii mzaliwa wa Mexico, alitundika chumbani balbu nyingi zinazowaka kwa kufuata mapigo ya moyo ya wageni wanaoshika kifaa. Mwaka 2012 kundi liitwalo Random International lilionyesha London chumba cha mvua ambamo maji hunyesha kila mahali isipokuwa pale uliposimama. Chumba kama hicho kikajengwa Sharjah na kufunguliwa mwaka 2018, katika nchi ambayo mvua ni jambo la kusimuliana. Nilijiambia: ikiwa watu wa jangwani waliweza kuijenga mvua, mimi nitashindwaje kumjengea mzee mmoja vyura na vimulimuli? Nakiri hapa kwamba nia yangu haikuwa safi kabisa. Nilitaka Baba akae. Nilitaka kumdanganya kidogo.

Fundi wetu ana meza yake chini ya mwarobaini, mahali pa kutengeneza redio, simu na pasi. Nilipomweleza, akaniuliza: "Dada, nani atalipa?" Nikamwambia hakuna. Akasema basi tuanze Jumapili, kwa maana siku hiyo hata yeye huwa halipwi.

Hebu nieleze namna kimulimuli anavyotengenezwa, maana wasomaji wengi wana watoto wenye vidole visivyotulia. Kwanza ni kitaa kidogo cha LED, kama vile vya kwenye tochi, chenye rangi ya ndimu mbichi, kwa sababu vimulimuli wengi humulika kwa rangi iliyo kati ya manjano na kijani. Pili ni kidude cheusi chenye miguu minane ambacho mafundi hukiita tano-tano-tano. Kilisanifiwa mwaka 1971 na Hans Camenzind, Mswisi aliyehamia Marekani, kikaanza kuuzwa mwaka 1972. Yaani wakati Baba akibeba mataruma porini, mtu mwingine upande wa pili wa dunia alikuwa akichora saketi ambayo ingekuja kumtafuta katika banda la kuku. Kazi yake ni kuhesabu muda. Umeme hujaa polepole katika kapasita, kama maji yanavyojaa katika ndoo chini ya bomba linalotiririka kidogo. Ukifika kiwango fulani kidude hufungua upande wa chini, ndoo hupungua, kisha hujaa tena. Kila mzunguko mmoja, taa humulika mara moja. Ukitaka mmuliko wa haraka, weka ndoo ndogo.

Tulitengeneza vimulimuli kumi na nane. Fundi alitaka vyote viwe na ndoo sawa ili vimulike pamoja kama taa za harusini. Nikakataa. Wapo vimulimuli huko Malaysia na Thailand ambao humulika kwa pamoja mti mzima, jambo la ajabu la kutazama, lakini wa Mlimba niliowakumbuka mimi kila mmoja alikuwa na shughuli zake. Katika jamii nyingi za wadudu hawa, dume huruka akipiga ishara yake na jike hukaa kwenye majani akijibu, na kila jamii ina mwendo wake wa kumulika, ili mtu asimposee mke asiye wa kabila lake. Basi tukampa kila kimulimuli rezista tofauti. Tulizilehemu kwa Jumapili tatu. Nguvu ilitoka katika betri ya pikipiki ya volti 12, kwa sababu fundi aliapa kwamba hataunganisha waya wa ukutani katika banda ambalo watoto wataingia, na katika hilo alikuwa na busara kuliko mimi.

Sauti nilizirekodi mwenyewe. Mwisho wa mtaa wetu pana bonde ambalo wakati wa masika hujaa maji, na vyura wake hupiga kelele usiku kucha. Nilisimama pale saa tatu za usiku nikiwa nimenyoosha mkono wenye simu, na mlinzi wa gereji akanifuata kuniuliza kama nimepotelewa na kitu. Tukaweka sauti hizo katika kadi ya kumbukumbu na spika tatu zilizofichwa nyuma ya matete. Mlangoni fundi akafunga kijicho kile kinachotumika katika taa za ulinzi, ambacho huhisi joto la mwili linaposogea. Mtu akiingia: vyura wanalia, nyenje wanalia, vimulimuli wanawaka.

Siku ya kwanza ilikuwa shangwe tupu. Watoto wa nyumba nzima na wa nyumba ya pili walipanga foleni; waliingia wakitoka, wakaingia tena, wakaruka ndani ili vyura wazidi. Mjumbe wetu wa nyumba kumi akaja kuangalia kama kuna mkutano usio na kibali, naye akaingia, akatoka akicheka. Ndipo nikamshika Baba mkono nikampeleka.

Aliinama, akaingia. Vyura wakalipuka. Taa zikamulika. Nilikuwa nyuma yake nikingojea atabasamu, lakini niliona mabega yake yamekaza na mkono wake umetafuta ukuta. Akasimama kidogo, kisha akageuka akatoka.

"Mama," akasema tulipofika kibarazani, "hao vyura nani kawafundisha adabu hiyo? Mtu anaingia nao wanampokea kama wauza duka?"

Nilijitetea kwamba ndivyo kifaa kinavyofanya kazi. Akatikisa kichwa, akaniambia jambo ambalo nililijua tangu utotoni na ambalo diploma yangu ya uandishi, iliyonifundisha kuuliza nani, nini, wapi na lini, haikunisaidia kulikumbuka. Chura akisikia hatua hunyamaza. Nyenje naye hunyamaza. Masikio yake yako kwenye miguu ya mbele, ardhi ikitikisika yeye ndiye wa kwanza kujua. Wakati wa ujenzi wa reli, Baba alilala miezi mingi katika kambi za mahema kandokando ya mabwawa, na walinzi wa zamu ya usiku hawakuwa wakisikiliza kelele. Walikuwa wakisikiliza kimya. Vyura wakiwa wanaimba, lala. Vyura wa upande mmoja wakinyamaza kwa ghafula, amka, shika panga, kuna kitu kinakuja: tembo, kiboko, au mtu. Kwa miaka zaidi ya arobaini mwili wake ulikuwa umelala juu ya mkeka wa sauti hiyo. Hapa mjini, ambako hakuna kelele inayonyamaza kwa ajili ya mtu yeyote, mwili haukuwa na njia ya kujua kama ni salama.

Sikupata usingizi usiku huo. Asubuhi nikaenda chini ya mwarobaini nikamwambia fundi kwamba tumejenga kinyume.

Alifurahi mno. Nilidhani atakasirika, kumbe fundi wa kweli hupenda kuambiwa kwamba kazi ni ngumu kuliko alivyodhani. Kijicho kile cha mlangoni, akanieleza, hakimwoni mtu. Kinaona joto linalosogea. Mtu akitulia tuli, kwake hayupo. Kwa hiyo alichofanya ni kugeuza amri: mwendo ukihisiwa, umeme ukatike. Mwendo ukikoma, vile vidude vya miguu minane, safari hii vikihesabu badala ya kumulika, virudishe vitu kimoja kimoja. Baada ya nusu dakika, chura mmoja wa mbali. Baada ya dakika nzima, wa pili. Kisha nyenje. Vimulimuli mwisho wa yote. Akaongeza kijicho kingine kinachohisi mwanga, ili mtoto akiwasha tochi ya simu kila kitu kife na kuanza upya. Hilo la tochi lilikuwa agizo la Baba, ambaye sasa alikuwa amehamishia kiti chake kutoka kibarazani hadi mlangoni pa banda na kuwa mnyapara wa kazi. Alikuwa na ukali wa gengi. Matete niliyoyapanga kama uzio aliyang'oa, akayachomeka upya kwa mafungu. Sauti za vyura wangu alizikataa zote. "Hawa ni vyura wa mferejini. Sikiliza, kuna lori ndani yake."

Ilibidi nimpigie simu mdogo wangu aliyebaki Mlimba, naye akaketi usiku mmoja kwenye tuta la majaruba akaturekodia dakika arobaini. Tulipozifungua, Baba aliziba jicho lile lisilopasuliwa, kama kwamba lingemzuia kusikia. Mahali fulani katikati mbwa alibweka mara mbili. "Mbwa wa mwalimu," akasema. "Bado yuko hai yule?"

Wanaoandika juu ya sanaa za namna hii husifu sana kushirikishwa kwa mtazamaji, wakiwa na maana kwamba aguse, abonyeze, arukeruke, na kitu kimjibu. Banda letu lilikuwa linadai kinyume chake, nami niliamini kwamba watoto watalikimbia. Wawili watatu walilikimbia kweli. Waliobaki walianza mashindano ya kutulia. Utawakuta saba wamechuchumaa gizani, hakuna anayekuna hata pua, na mmoja akipiga chafya wenzake wanamlaani kwa kunong'ona kwa sababu vyura wamekwisha kukatika na lazima waanze upya kuhesabu. Mama mmoja mpangaji mwenzangu, muuza vitumbua anayeamka saa tisa usiku, alikuwa akiingia peke yake baada ya kazi na kukaa humo mpaka amchoshe Baba kwa kumngoja. Sikuwahi kumwuliza anafikiri nini.

Baba alikuwa akiingia saa nne, wote wakiisha kulala. Alikuwa na kigoda chake. Nilisikia kimya, kisha chura wa kwanza, kisha wa pili, na mara nyingi baada ya robo saa nilisikia kitu ambacho hakikuwamo katika kadi ya kumbukumbu, yaani mkoromo wake. Wiki ile alianza pia kulala kitandani. Nikamwandikia kaka yangu kwa furaha kwamba mambo yametengemaa, mzee amezoea.

Usiku mmoja wa mwezi wa Novemba umeme ulikatika mtaa mzima. Banda, kwa kuwa lilitumia betri, likaendelea, na kwa kuwa baa na redio zote zilikuwa zimezimika, kwa mara ya kwanza sauti yake ilifika hadi barabarani. Watu walitoka nje. Hatukuwa na la kufanya ila kuketi. Ndipo nilipomsimulia Baba habari za chura wa Kihansi, nikidhani ni hadithi ya kupitishia muda.

Yeye aliyajua maporomoko ya Kihansi, kwenye miteremko ya Udzungwa upande uleule wa bonde lao. Ambacho hakukijua ni kwamba kwenye ukungu wa maporomoko yale aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu, asiyezidi sentimita 3, asiyetaga mayai bali huzaa watoto walio hai, na ambaye wanasayansi walimfahamu mwaka 1996 tu. Bwawa la umeme la megawati 180 lilipoanza kazi kuelekea mwaka 2000, maji mengi yalichepushwa na ukungu ukakauka. Wataalamu walitandaza korongoni mabomba ya kunyunyizia maji ili kuiga ukungu uliopotea, na mwishoni mwa mwaka 2000 vyura 499 walisafirishwa hadi Marekani ili mbegu yao isipotee. Mwaka 2009 chura huyo alitangazwa kuwa ametoweka porini. Mwaka 2010 wengine walirejeshwa Dar es Salaam, wakatunzwa Chuo Kikuu, na mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena korongoni chini ya mvua ile ya mabomba. Nikamwambia kwamba sehemu ya umeme uliokatika usiku ule huenda ilitoka kwenye maji hayohayo.

Alinyamaza kwa muda. Mule bandani chura wa mbali alikuwa ameanza.

"Kwa hiyo walimjengea mvua."

"Ndiyo, Baba."

"Mimi bado sijatoweka, mama," akasema, kwa upole kabisa, kama mtu anayeomba chumvi. "Nataka kurudi kabla hamjanijengea mvua."

Sikumjibu. Nilikuwa na hoja zangu zote: jicho la pili, dawa, upweke, nani atampikia. Kaka yangu alipopigiwa simu alikuwa nazo hizohizo na nyingine zaidi, akaniuliza kwa hasira kama banda langu la vyura ndilo lililomtia mzee wazimu. Tulizungumza kwa majuma mawili, wakati mwingine kwa maneno ambayo singependa yachapishwe. Mwishowe Baba mwenyewe ndiye aliyeweka masharti, kama mtu wa chama cha wafanyakazi: atapasuliwa jicho la pili kwanza, atakuja Dar es Salaam kila daktari akimhitaji, Ifakara nako kuna hospitali, na mdogo wangu atahamia chumba cha pili cha nyumba yake. Kaka yangu akakubali bila kusema kwamba amekubali.

Aliondoka mwezi wa Februari, kwa basi, jambo ambalo kwa mtu wa reli ni aibu kidogo. Fundi alimfungia kimulimuli kimoja katika kikopo cha mafuta ya mgando, na betri yake ndogo. Watoto walimsindikiza mpaka kituoni. Banda wanalo wao sasa. Wamekwisha kuongeza bundi, ambaye ni mmoja wao aliyejirekodi akiigiza, na vimulimuli vitatu vimeungua.

Wiki moja baadaye simu yangu iliita karibu saa tano za usiku. Nilishtuka, kama tunavyoshtuka sote kwa simu za saa hizo.

"Shikamoo, Baba. Kuna nini?"

"Marahaba. Hakuna kitu. Nimekuja huku kwenye majaruba ili usikilize."

Nikaibana simu sikioni. Hapakuwa na sauti yoyote. Niliangalia kama mtandao umekatika, ulikuwapo.

"Baba, sisikii kitu."

"Ndiyo kwanza nimefika," akasema kwa kunong'ona. "Wamenisikia. Tulia."

Nikakaa ukingoni mwa kitanda, gizani, bila kusogea.